Kabla ya Kura, Kuna Kitambulisho

Ukisikia mtu akisema vijana wa Kibra hawapigi kura kwa sababu ya uvivu, muulize kwanza: wewe kitambulisho ulikipata baada ya siku ngapi?

Huenda ulijaza fomu, ukaacha alama za vidole, ukangoja wiki kadhaa. Kijana Mnubi, au Msomali wa Garissa, kwa miaka mingi alihojiwa kwanza na kamati ya wazee. Leta kitambulisho cha baba. Cha babu je? Nyanya alizaliwa wapi? Na hawa Wanubi mababu zao waliletwa na Waingereza kama askari wa KAR, wakakaa Kibra tangu ikiwa msitu, zaidi ya miaka 100 iliyopita! Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayotetea haki za watoto iliamua kwamba Kenya iliwabagua watoto wa Kinubi. Mahojiano yaliendelea tu, hadi Februari 2025 Rais Ruto alipotangaza kuyafuta.

Sasa ongeza umaskini. Kama unalipwa kwa siku, mjengo ama kufulia watu nguo, kila safari ya kwa chifu ni siku bila pesa. Kuna nauli, kuna fotokopi, kuna hati ya kiapo ya kulipia wakili. Novemba 2023 serikali nayo ilitangaza ada ya Sh1,000 kwa kitambulisho cha kwanza, kilichokuwa bure. Watu wakapiga kelele, ikashushwa hadi Sh300. Uliona ni kidogo? Mtaani hiyo ilikuwa unga na sukuma ya siku mbili.

Na asiye nacho hakosi kura pekee. Laini yake imesajiliwa kwa jina la beste, kwa hivyo hata M-Pesa si yake.

Wamakonde wa Kwale walichoka kungoja. Oktoba 2016 walifunga safari ya kwenda Ikulu, Nairobi, wakitembea. Kabla ya mwaka kuisha vitambulisho vilianza kutolewa, na Agosti 2017 wengi wakapiga kura mara ya kwanza maishani, wakiwemo wazee.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. IEBC haisajili mtu bila kitambulisho au pasipoti. Kama una rafiki aliyefikisha miaka 18 na bado hana, muulize amekwama wapi. Akiambiwa tena alete karatasi za babu, aulize ni sheria gani inayodai hivyo, na aombe jibu kwa maandishi.