Kazi Katika Biashara ya Jumla

Ukienda dukani kununua sukari, mwenye duka anakupimia nusu kilo au kilo moja. Yeye hakuinunua hivyo. Aliinunua kwa mifuko, kwa mtu mwenye ghala mjini. Mwenye ghala aliipata kwa malori, labda kutoka kiwanda cha Kilombero au cha TPC kule Moshi. Kununua mali nyingi pamoja na kuwauzia wenye maduka ndiko kunaitwa biashara ya jumla.

Biashara hiyo ina kazi nyingi. Yuko mtunza ghala, karani, dereva na utingo wake, mlinzi, na mchukuzi wa mizigo. Vijana wengi wanaotoka vijijini huanzia kwenye uchukuzi, kwa sababu kubeba mfuko hakuhitaji cheti. Labda mwanao ni mmoja wao.

Wazee wetu wanakumbuka hali ya zamani. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitaifisha makampuni makubwa ya biashara. Likaundwa Shirika la Biashara la Taifa, yaani STC. Baadaye kazi zake ziligawanywa, kila mkoa ukawa na kampuni yake. Watu waliiita RTC. Karani wa RTC alipata mshahara kila mwezi, ghala likiwa limejaa au tupu. Na kusema kweli, mwanzoni mwa miaka ya 1980 maghala yalikuwa matupu mara nyingi. Watu walipanga foleni kununua sabuni.

Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu watu binafsi kuagiza bidhaa nje kwa fedha zao wenyewe. RTC zilishindwa kushindana nao. Katika miaka ya 1990 mashirika mengi ya umma yaliuzwa au yalifungwa.

Je, kazi zilikwisha? Hapana, zilihama. Leo maghala mengi ni ya mtu na jamaa zake, kama yale ya Kariakoo, Dar es Salaam. Wanaolipwa kwa mwezi ni wachache. Wengine hulipwa kwa mzigo. Lori likifika wanapata fedha. Lisipofika, wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Simu nazo zimebadilisha kazi. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini mwaka 2008. Sasa mwenye duka wa kijijini anaweza kuagiza na kulipa bila kusafiri. Mzigo unapakiwa kwenye basi, kisha bodaboda anaupokea kituoni.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme lori lina mifuko 300. Wachukuzi 6 wanaipakua kwa shilingi 100 kila mfuko. Malipo yote ni shilingi 30,000, na kila mmoja anapata 5,000. Lakini msimamizi akisema mifuko ilikuwa 240, malipo yanakuwa 24,000. Kila mmoja anapata 4,000. Shilingi 1,000 ya kila mtu imepotea, na hakuna aliyeiona ikipotea. Wachukuzi wenye daftari lao, wakapiga alama moja kwa kila mfuko, hawadanganywi kirahisi.

Lumbesa ni hasara nyingine. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Anayejaza lumbesa anampunja mkulima. Anampunja pia mchukuzi, maana anabeba uzito zaidi kwa malipo yale yale.

Iko pia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi. Humo huandikwa kazi yenyewe, saa za kazi na malipo. Mfanyakazi asipoyaelewa, mwajiri lazima amweleze kwa njia anayoielewa. Lakini anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja hapewi haki hiyo ya maandishi. Kwa hiyo kibarua anayehama kila siku kutoka ghala moja hadi jingine anabaki na daftari lake tu.