Sanduku la bahati katika telefone: bei yake ni ngapi?

Ndugu msomaji, kama kuko mtoto nyumbani kwako mwenye kucheza michezo ya telefone, usipite ukurasa huu.

Jumamosi moja baba mmoja, mfanyakazi wa mugodi, alikuja kwangu pamoja na mke wake. Feza ya masomo ya watoto walikuwa wanaichunga katika telefone ya mama. Walipotaka kulipa, walikuta dola 9 tu. Dola 64 zilikwisha kutoka kidogo kidogo, mbili leo, tatu kesho. Mwana wao wa miaka 14 alijua namba ya siri. Alikuwa anatuma feza kwa kijana mmoja wa mtaa, na yule anamuingizia almasi za mchezo.

Nilimuuliza: «Ulinunua nini na almasi hizo?» Akajibu kwa sauti ndogo: «Pasta, nilikuwa nafungua tu masanduku. Nilikuwa nawaza, yenye kufuata ndiyo itatoka muzuri.»

Wazazi wapendwa, tusikimbilie fimbo. Kwanza tujue mtoto alinunua kitu gani.

Kitu gani kinauzwa?

Michezo mingi unaipata bure; feza inatoka kiisha kuingia ndani. Katika Free Fire unanunua almasi. Katika mchezo wa mpira ulioitwa FIFA, na tangu 2023 unaitwa EA Sports FC, unanunua pointi. Kiisha unazitoa ili kuzungusha gurudumu ama kufungua pakiti. Pengine mutatoka mchezaji mkubwa, pengine kitu kisicho na maana. Mara nyingi hujui mbele ya kulipa. Basi, feza yako haikununua mchezaji. Imenunua nafasi ya kujaribu. Ni vile kamari inafanya.

Tufanye hesabu

Tuseme kitu unachotaka kinatoka mara 1 katika 100, na kila sanduku ni dola 1. Vijana wengi wanafikiri: nikifungua 100, lazima nitapata. Hapana! Tuseme sanduku halikumbuki lile la mbele yake. Vijana 100 wakifungua kila mmoja masanduku 100, karibu 37 kati yao watarudi mikono mitupu, na kila mmoja amepoteza dola 100.

Ninyi wachimbaji munajua neno «bado kidogo tu». Lakini katika shimo hakuna mtu aliyeficha jiwe kwa kusudi. Katika mchezo, mwenye kuficha jiwe ndiye mwenye kukuuzia shimo.

Inchi zingine zilisema nini?

Katika 2017 China ililazimisha makampuni kuonyesha nafasi ya kila zawadi kutoka. Katika 2018 wakubwa wa Ubelgiji wenye kusimamia kamari walisema masanduku ya kulipia katika michezo fulani, FIFA ndani yake, yanavunja sheria. Mwanzo wa 2019 kampuni ikaacha kuuza pointi zake kule. Uholanzi hawakukubaliana na hayo: katika 2022 baraza lao kubwa la hukumu lilisema pakiti za FIFA hazikuvunja sheria ya kamari. Katika Januari 2025 kampuni ya mchezo Genshin Impact ilikubali kulipa dola milioni 20 kule Marekani, na kutouzia watoto chini ya miaka 16 masanduku bila ruhusa ya wazazi.

Wakubwa wanabishana bado. Wewe mzazi usingoje wamalize.

Tufanye nini?

Mama, badilisha namba ya siri, na usimutume mtoto akutumie feza mahali pako. Angalia ujumbe wa telefone kila juma. Feza ndogo yenye kutoka mara nyingi ni alama. Baba, keti na mtoto, akuonyeshe mchezo wake, muhesabu pamoja.

Na wewe kijana, kumbuka mfano wa Bwana Yesu katika Luka 14:28, mtu mwenye kuketi kwanza na kuhesabu gharama ya munara. Uliza: kitu chenyewe, bei yake ni ngapi? Kama hakuna mtu anayeweza kukujibu, usilipe.

Yule kijana aliuza makala pamoja na mama yake likizo nzima mpaka deni likaisha. Lakini dada yake mdogo alikuwa amerudishwa nyumbani majuma mawili kwa kukosa feza ya masomo. Aliniambia: «Pasta, fimbo haiko kitu. Kumuona anasukula sahani saa benzake beko mu kalasi, ile ndiyo iliniumiza.»