Kati ya nyumbani na darasani: usalama wa wanafunzi wetu Segera



Aliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga, Moshi au Arusha anaifahamu Segera. Ni hapo njia panda: barabara ya kutoka Chalinze inafika, kulia unakwenda Hale, Muheza na Tanga, kushoto unakwenda Korogwe, Mombo na Kilimanjaro. Kwa msafiri ni mahali pa kunyoosha miguu na kununua machungwa. Kwa mtoto wa kata hii ya Wilaya ya Handeni, barabara hiyo hiyo ndiyo njia ya kwenda shule. Malori na mabasi yanapita usiku na mchana, na yeye anatakiwa kuvuka asubuhi akienda na jioni akirudi.

Kamati zinapotuletea maombi kuhusu shule, mara nyingi ya kwanza huwa ni madarasa, madawati na mabati. Ni maombi ya haki. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, shule za kata zimejengwa kwa nguvu za wananchi, na tangu Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imefutwa. Lakini darasa zuri halimsaidii mtoto aliyeumia njiani, au aliyeacha shule kwa sababu hakuna aliyemsikiliza. Katika toleo hili tunapenda kueleza juu ya saa ambazo mtoto hayuko mikononi mwa mzazi wala mwa mwalimu.

Umri wa katikati

Wazee wetu watakumbuka shule za kati za enzi za ukoloni, darasa la tano hadi la nane. Jina hilo limekwisha, lakini umri wenyewe bado upo: watoto wa miaka 11 hadi 15, wanaomaliza msingi na kuanza sekondari. Ni umri unaosahaulika kwa urahisi. Mtoto ni mkubwa kiasi kwamba hakuna anayemshika mkono, na ni mdogo kiasi kwamba hawezi kujilinda.

Tena mzigo utaongezeka. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na mwaka 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita atafika sekondari akiwa na miaka 12. Kamati isiyojiandaa sasa itashtukia watoto wadogo zaidi, na wengi zaidi, wakiwa barabarani alfajiri.

Barabara

Sheria inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Kila mmoja wetu anajua jinsi kinavyovunjwa. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Maana yake, dereva akimwona mtoto na kuchelewa sekunde moja tu kukanyaga breki, tayari amekula mita 22 kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Mtoto anayekadiria kwa macho kwamba "bado liko mbali" anakosea kwa sababu hiyo.

Yapo yanayowezekana bila fedha nyingi. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, kwa hiyo ombi la kivuko, alama au matuta linapelekwa huko kwa barua ya serikali ya kijiji na shule, ikieleza ni sehemu gani na saa ngapi watoto wanavuka. Wakati jibu linasubiriwa, wazazi wanaweza kupangiana zamu ya kuwavusha watoto kwa makundi. Na tuwaambie wanetu waziwazi kwamba hakuna kudandia lori.

Lifti na chumba cha kupanga

Shule ikiwa mbali, mtoto ana njia tatu: atembee, apande pikipiki, au apange chumba karibu na shule, kile wanachokiita geto. Kutembea kunachosha. Zile mbili zinazobaki ndizo zinazotuumiza vichwa.

Lifti ya bodaboda huanza kama wema. Siku ya kwanza ni bure, ya pili ni bure, baadaye msichana anaambiwa ana deni. Tunasema haya bila kuwalaumu vijana wa bodaboda wote, maana wengi wao ni kaka na baba wa watoto hawa hawa. Tunashauri kamati zikae na viongozi wa kijiwe, wakubaliane nani anabeba wanafunzi, na mzazi ndiye amlipe, siyo mtoto.

Geto nalo ni chumba cha mtoto wa miaka 13 au 14 anayejipikia na kulala peke yake, katika mji wa njia panda wenye wageni wanaolala usiku mmoja na kuondoka. Unga ukiisha katikati ya wiki, anayejitokeza kumsaidia huwa si mtu mwema kila mara. Ndiyo maana tunahimiza hosteli, au angalau familia ya mlezi inayojulikana na shule na parokia.

Hata hivyo hosteli nayo isiwe mtego. Agosti 2009 wasichana 12 walifariki bweni lilipoungua katika Shule ya Sekondari Idodi, Iringa. Tunapoombwa kuchangia bweni, tunauliza kwanza: milango ni mingapi na inafunguka kuelekea nje? Madirisha yana nondo zisizofunguka? Ufunguo unalala kwa nani? Taa ni ya sola au mishumaa? Mfadhili asishangae sehemu ya mchango wake ikitumika kwenye mlango wa pili badala ya rangi ya ukuta.

Tumbo tupu

Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kula, akakaa hadi alasiri, hasikii somo. Kufutwa kwa ada hakukufuta chakula. Mwongozo wa taifa wa chakula shuleni wa mwaka 2021 unawashirikisha wazazi na jamii katika kuchangia, kwa mahindi, maharage, kuni au fedha. Kinachovunja mipango hii mara nyingi ni mashaka juu ya hesabu kuliko umaskini. Stoo ikiwa na daftari linaloonekana na kila mzazi, gunia linalotoka likaandikwa, wazazi huchangia. Uji wa saa nne si anasa. Unampunguzia msichana sababu ya kupokea chipsi za mtu asiyemjua.

Likitokea, tufanye nini?

Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wetu watusikilize kwa makini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 nchini, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo tusiseme "kwetu hayapo". Wavulana nao wamo, na wao hunyamaza zaidi.

Mtoto akisema, msikilize bila kumhoji kama mshitakiwa. Asioge wala nguo zake zisifuliwe. Apelekwe kituo cha afya haraka, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Taarifa itolewe polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto pale lilipo, na kwa afisa ustawi wa jamii. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa. Lakini adhabu kubwa imeleta jaribu moja: kumalizana kifamilia. Mbuzi wawili, fedha kidogo, wazee wanapeana mikono, na mtoto hakuulizwa. Tunasema kwa heshima kwa wazee wetu: hilo si suluhu. Mtoto anabaki na jeraha lake, na mkosaji anabaki na nafasi ya kurudia. Kiongozi wa parokia asikubali kuwa shahidi wa mapatano ya namna hiyo, hata kama mkosaji ni mtu wa kwetu, au ni kiongozi mwenzetu.

Aliyepata ujauzito naye asitupwe. Juni 2017, huko huko Chalinze barabara yetu inakoanzia, Rais Magufuli alitangaza kwamba wasichana waliojifungua hawatarudi shuleni. Novemba 2021 serikali ilibadili msimamo huo na kuruhusu warudi. Bado wapo wazazi wasiojua. Kamati iwatafute mabinti hao nyumba kwa nyumba.

Maswali kwa kikao kijacho

Tunaomba kila kamati iyajibu haya kwa maandishi:

1. Ni wanafunzi wangapi wa eneo letu wamepanga vyumba, na nani anawatembelea?
2. Watoto wanavuka barabara wapi, na nani yuko pale saa hiyo?
3. Je, daftari la chakula la shule linaonekana na wazazi?
4. Mtoto mwenye shida ana mtu mzima gani wa kumwambia, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, ambao majina yao anayajua?
5. Ni mtoto gani aliyekuwapo Januari na sasa hayupo?

Swali la tano ndilo kubwa. Shule ina rejista, lakini rejista huandika tu kwamba hayupo, haiendi kumtafuta. Wa kwenda ni sisi. Wafadhili wetu, msaada wenu haupimwi kwa matofali peke yake. Nauli ya mlezi anayekwenda kugonga mlango wa mtoto aliyepotea darasani nayo ni matunda ya sadaka yenu, ingawa haipigiki picha.