KABLA HUJAMJIBU MTEJA "LINAINGIA": TAIRI LA GARI KWENYE GUTA



Leo naongea na wale wanaouza matairi na vipuri kwa status ya WhatsApp na Facebook, pamoja na wale wanaotuma mizigo ya wateja kwa guta. Mimi ni mmoja wenu. Nauza matairi, na wateja wangu wengi wako Karagwe na Kyerwa: Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, Isingiro, mpaka Murongo kule mpakani na Uganda.

Kuna swali moja linanijia mara kwa mara inbox: "Kaka, una tairi la kirikuu namba 12? Nataka nilifunge kwenye guta, haya ya pikipiki yanaisha haraka."

Muuzaji mwenye haraka anajibu, "Lipo boss, linaingia, tuma hela." Sasa ndugu yangu, kuingia na kufaa ni vitu viwili tofauti. Guta likishuka mlima limejaza mikungu ya ndizi au magunia ya kahawa, na juu ya mzigo amekaa mtu, hapo ndipo jibu lako linapopimwa. Na hata kama hakuna aliyeumia, tairi lisilofaa litarudi. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na jina lako limeharibika kijiji kizima.

Tuelewane kwanza kwa nini watu wanataka tairi la gari.

KWA NINI GUTA LINAKULA TAIRI LA PIKIPIKI

Pikipiki ya magurudumu mawili ikikata kona, inalala. Ndiyo maana tairi lake ni la mviringo kuanzia ubavu hadi ubavu: ikilala upande wowote, bado kuna sehemu ya tairi inayoshika barabara.

Guta halilali. Pikipiki yenye kitoroli cha abiria pembeni, kama zile Ural za Urusi, nayo hailali. Chombo cha magurudumu matatu kinakata kona kikiwa kimesimama wima, kama gari. Ukikifunga tairi la mviringo, linakanyaga kwa kipande chembamba cha katikati. Mzigo wote unakaa hapo, kwa hiyo kashata za katikati zinaisha huku za pembeni zikiwa bado mpya.

Tairi la gari ni bapa. Linakanyaga kwa upana, linagawa uzito na kashata zinaisha taratibu. Wenye pikipiki za kitoroli huko duniani hufunga tairi la gari gurudumu la nyuma kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo mteja wako wa Nkwenda hajakosea kuuliza. Ana hoja. Kazi yako ni kumsaidia apate linalofaa.

BODABODA: JIBU NI HAPANA

Akikuuliza mwenye bodaboda ya magurudumu mawili, usiuze. Ile inalala kwenye kona, na tairi bapa likilala linakanyaga kwa ncha ya pembeni tu. Kwenye vumbi na kokoto, au kwenye matope ya masika, dereva anakwenda chini.

Tena kuna suala la rimu. Tairi la pikipiki mara nyingi lina alama ya M/C ubavuni. Alama hiyo ipo kwa sababu mdomo wa tairi na ukingo wa rimu ya pikipiki vina vipimo vyake, tofauti kidogo na vya gari. Namba 17 ya pikipiki na namba 17 ya gari si kitu kimoja, hata kama zimeandikwa sawa. Fundi akilazimisha kwa kuongeza upepo, waya wa mdomoni unaweza kukatika na tairi likamlipukia. Kwa tairi la gari, wakati wa kulikalisha kwenye rimu upepo usizidi psi 40. Kama halijakaa hapo, litolewe, usiongeze.

MAMBO MATANO YA KUKAGUA KABLA YA KUUZIA MWENYE GUTA

1. Rimu. Guta nyingi za mizigo zinatumia rimu ya inchi 12, na matairi yake huandikwa 4.50-12 au 5.00-12. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya mwisho ni rimu. Kirikuu, yaani Suzuki Carry, nazo nyingi zinatumia rimu ya 12, ndiyo maana watu wanakimbilia huko. Lakini rimu ina upana pia. Mwambie mteja asafishe rimu akupigie picha maandishi yaliyogongwa kwenye chuma. Kama upana haulingani na tairi, usiuze. Na kama rimu ni ya vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti, mkumbushe: upepo utoke wote KABLA ya kulegeza bolti hata moja.

2. Uwezo wa kubeba. Hapa ndipo wengi wanapigwa. Chukua tairi mbili zote zimeandikwa 145/80R12. Moja ubavuni ina namba 74, nyingine ina 80/78. Kwa macho ni mapacha. Lakini 74 maana yake ni kilo 375 kwa tairi moja, na 80 ni kilo 450. Ya kwanza ni ya gari dogo la kutembelea, ya pili ni ya gari la mizigo. Kwa matairi mawili ya nyuma, tofauti ni kilo 150. Hayo ni zaidi ya magunia mawili ya maharage ya kilo 70! Mwenye guta muuzie la mizigo. Kama tairi ni la mtindo wa zamani, tazama PR: 8PR ni imara kuliko 6PR ya saizi hiyo hiyo.

3. Urefu na nafasi. Piga hesabu. 145/80R12: asilimia 80 ya 145 ni 116. Mara mbili ni 232. Inchi 12 ni milimita 305. Jumla ni karibu milimita 537, huo ndio urefu wa tairi zima toka chini hadi juu. Mwambie mteja apime tairi lake la sasa kwa futi kamba. Tairi refu zaidi linafanya guta lipande mlima kwa shida, na lisipopata nafasi linagusa bodi au springi mzigo ukikaa. Tairi fupi linavuta vizuri mlimani ila guta linakuwa chini, na barabara zenye mawe litakwangua.

4. Yauzwe mawili. Matairi ya nyuma yawe sawa: saizi moja, aina moja, kashata zilingane. Kushoto likiwa refu kuliko kulia, guta linavuta upande mmoja, na kama lina difu, difu inafanya kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka. Usichanganye lenye R na lisilo na R kwenye ekseli moja. La mbele liache lilivyo. Pale uma ni mwembamba, na tairi pana linafanya usukani uwe mzito.

5. Umri. Kwa mitumba hili ni lazima. Tafuta maandishi ya DOT, soma tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri kumbe limekaa stoo miaka mingi, mpira umekauka na una nyufa ndogo ndogo ubavuni. Likibeba mzigo kwenye jua, linapasuka.

UJUMBE WA KUMTUMIA MTEJA

Chukua huu, uweke kwenye simu yako:

"Asante kwa kuulizia. Nisaidie vitu vinne ili nikupe tairi la uhakika: (1) picha ya guta zima, (2) picha ya maandishi ya ubavuni mwa tairi la sasa, (3) picha ya maandishi ya rimu, (4) huwa unabeba mzigo gani, kilo ngapi. Nikishaona nitakujibu kama ninalo linalofaa."

Wapo watakaosema una maswali mengi, wataenda kwa mwingine. Waache. Wengi watarudi, tena na wenzao, maana kwenye kijiwe cha guta habari za tairi lililodumu zinasambaa haraka kuliko tangazo lako.

Na wewe uweke picha hizo hizo kwenye tangazo: ubavu wenye saizi, namba ya uzito, DOT, na kashata kwa karibu. Picha ya tairi zima toka mbali haimwambii mtu chochote.

KWA WANAOTUMA MIZIGO KWA GUTA

Hata kama huuzi tairi, mzigo wako uko juu yake. Kabla hujapakia, zunguka nyuma uangalie. Tairi kipara, matairi mawili yasiyolingana, au ubavu uliovimba, tafuta guta lingine. Dakika mbili tu. Trei za mayai zikimwagika njiani, mteja wa Isingiro hatamdai dereva, atakudai wewe.

Una tairi hujui kusoma maandishi yake? Weka picha ya ubavu kwenye komenti, tutasoma pamoja. Na kama una mwenzako anauza vipuri, mtag aone kabla hajajibu "linaingia".

Biashara njema.