Kupiga Picha Motokaa Iendayo
Tangu mashindano ya Safari yaanze mwaka 1953, wengi wamezoea picha za motokaa zilizopigwa kutoka kando ya njia. Iko namna nyingine: kamera hufungwa imara juu ya gari la pili, na magari yote mawili yakaenda kwa mwendo mmoja. Jicho la kamera likiachwa wazi sehemu ya 30 ya sekunde, motokaa hutokea dhahiri na barabara hufifia. Kwa kilomita 30 kwa saa, barabara imekwisha kupita sentimita 28. Yatosha kabisa, wala hapana haja ya kukimbia. Katika njia ya Rongo kwenda Homa Bay, au Migori hadi Isebania, ng'ombe na bodaboda hutokea ghafula, na chuma kilichotokeza kando chaweza kumjeruhi mtu. Kamera aishike mwingine, si dereva.