Miguu Iliyochoka Wiki ya Mwisho Kabla ya Pambano

Kata ya Kanoni, wilayani Karagwe, ni nchi ya vilima. Anayechota maji bondeni huyapandisha kwa mguu, na anayepeleka mikungu ya ndizi sokoni kwa baiskeli hulazimika kuizuia kwa mwili mzima isimtoroke kwenye mteremko. Kijana anayejifunza karate, judo au taekwondo mahali pa namna hii hapungukiwi na uwanja wa mazoezi, kwa kuwa mlima uko mlangoni pake. Lakini siku chache kabla ya shindano mlima huo huo humletea malalamiko: mapaja yamekaza, vigimbi vinauma, kuchuchumaa ni taabu, na teke lililokuwa likifika kichwani kwa mpinzani sasa linaishia kiunoni.

Mara nyingi huambiwa kwamba asidi imejaa miguuni, hivyo akimbie zaidi ili itoke. Ushauri huo umekosea sababu, na kwa hiyo umekosea tiba. Asidi ya laktiki inayozalishwa wakati wa mazoezi makali huondoka katika misuli na damu ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika. Maumivu yanayoanza kesho yake na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72 hayawezi kuwa yake. Mwaka 1902 mwanafiziolojia Theodor Hough wa Marekani alikwisha kueleza kwamba maumivu ya namna hii yanatokana na kuchanika kwa nyuzi ndogo ndani ya msuli, na utafiti uliofuata umeendelea kuuonyesha uharibifu huo mdogo, pamoja na uvimbe unaoambatana na matengenezo yake. Msuli unaouma hivyo uko katika ukarabati, na kumkimbiza mwenye msuli huo ni kubomoa ukuta ambao fundi hajamaliza kuujenga.

Hapa ndipo vilima vya Karagwe vinapoingia katika habari. Kupanda mlima huchosha mapafu na moyo, lakini kinachochana misuli zaidi ni kushuka. Mtu anaposhuka, misuli ya mbele ya paja hukaza ili kuzuia mwili usianguke, na wakati huohuo hurefushwa na uzito wa mwili. Kazi ya kukaza huku msuli ukirefushwa ndiyo inayoongoza kwa kuumiza nyuzi zake. Mpiganaji huipata pia anapotua baada ya teke la kuruka, au anapoizuia miguu katika mikao ya chini ya karate. Kwa hiyo aliyekimbia mteremko mrefu siku ya Jumatano, akitegemea kupigana Ijumaa au Jumamosi, ameupanga uchungu wake uangukie siku ya shindano. Tena nguvu ya msuli huweza kubaki pungufu hata baada ya maumivu kwisha, jambo ambalo wengi hawalitambui mpaka wapo ulingoni.

Mteremko una mahali pake. Msuli uliopitia kazi hiyo mara moja hupata kinga: ukirudia baada ya wiki mbili au tatu, hauumii kama mwanzo. Mwalimu mwenye busara huwapeleka wanafunzi wake kwenye mteremko wiki kadhaa kabla, kidogo kidogo, kisha huwaondoa huko kabisa siku kumi za mwisho.

Katika siku hizo za mwisho, dawa kubwa ya miguu ni kupunguza. Mwaka 2007 Laurent Bosquet na wenzake walikusanya tafiti 27, nyingi zikiwa za wakimbiaji, waogeleaji na waendesha baiskeli, wakaona kwamba faida kubwa zaidi ilipatikana pale wingi wa mazoezi ulipopunguzwa kwa asilimia 41 hadi 60 katika muda wa wiki mbili, bila kupunguza ukali wake wala idadi ya siku. Maana yake, aliyezoea kupiga mateke 200 kwa kipindi apige 80 au 100, lakini ayapige kwa kasi ileile. Hakuna nguvu mpya inayojengwa katika wiki ya mwisho, ila iliyopo inaweza kupotezwa.

Hata hivyo hesabu hiyo haikamiliki ikiwa itahesabu mazoezi peke yake. Kijana wa Kanoni aliyepunguziwa mateke na mwalimu, kisha akapewa nyumbani kazi ya kulima siku nzima au kubeba kahawa, hakupunguziwa kitu. Mhudumu wa afya anayemshauri hana budi kuuliza habari za jembe, maji na baiskeli kabla ya kuuliza habari za mazoezi, na pengine aliye wa kushauriwa ni mzazi. Kazi ya mikono akiwa ameketi, kama kumenya ndizi au kuchambua maharagwe, inaweza kuchukua nafasi ya ile ya mteremko kwa siku tano tu.

Chakula kipo. Ndizi huirudishia misuli wanga wake, lakini haina protini ya kutosha, na hapo ndipo mlo wa wengi unapopungua. Kwa anayejenga misuli, gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku ni lengo linalofaa, yaani karibu gramu 96 kwa mwenye kilo 60. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina kama gramu 15, nusu lita ya maziwa kama 16, yai moja kama 6. Senene, msimu wake ukifika, ni nyongeza nzuri. Usingizi nao usipungue saa nane. Kujinyima maji na chakula ili kushuka uzani ni hatari: mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache kwa njia hiyo.

Kukandwa kwa mikono laini hupunguza uchungu kidogo, na kukaa miguu ndani ya maji baridi kwa dakika 10 hadi 15 nako husaidia wengine. Yafaa yawe maji ya beseni nyumbani, si bwawa lenye konokono, maana kichocho hakimsubiri mtu amalize kupoa. Kunyoosha viungo hakuna madhara, ila hakuondoi maumivu haya kwa kiasi cha kuonekana. Jambo la kuogopwa ni kukanda kwa nguvu na maji ya moto paja lililopigwa teke na kuvilia damu. Kufanya hivyo siku za mwanzo huongeza damu ndani ya msuli, na baadaye huweza kuufanya mfupa uote mahali pasipo pake.

Vidonge na sindano za diklofenaki huombwa sana katika maduka ya dawa. Huzima uchungu lakini hazirudishi nguvu, na kwa mtu aliyepungukiwa maji mwilini huweza kudhuru figo, mbali na tumbo. Kupigana ukiwa umezinyamazisha nyuzi zilizochanika ni kukaribisha mchaniko mkubwa.

Si kila uchungu wa miguu ni wa mazoezi. Mkojo wenye rangi ya chai nzito baada ya mazoezi makali ni dalili ya misuli kuvunjika na figo kuzidiwa. Mgonjwa huyo aende hospitali siku ileile. Kigimbi kimoja kilichovimba, uchungu wa mahali pamoja juu ya mfupa, au miguu kuisha nguvu ghafla kwa mwenye chembechembe za selimundu, vyote vinahitaji kuchunguzwa. Na maumivu ya misuli yakiambatana na homa, kipimo cha malaria kitangulie. Mkoa wa Kagera ulipata mlipuko wa Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025, na ugonjwa huo nao huanza kwa homa na maumivu ya mwili. Mhudumu asiridhike na neno la mgonjwa kwamba ni uchovu wa mazoezi tu.

Inabaki safari. Kutoka Karagwe hadi Bukoba, na pengine kuvuka ziwa hadi Mwanza, mpiganaji hukaa saa nyingi magoti yakiwa yamekunjwa. Afike siku moja kabla ikiwezekana, ashuke garini kila linaposimama, atembee, anywe maji. Siku yenyewe mapambano hufuatana: katika judo na taekwondo uzani mmoja kwa kawaida humalizwa siku hiyohiyo, na anayeshinda hupigana tena baada ya muda mfupi. Kati ya pambano na pambano asilale chini. Atembee taratibu dakika chache, avae suruali nzito miguu isipoe, ale ndizi mbivu na kunywa maji kidogo kidogo, kisha dakika kumi kabla ya kuitwa aanze tena kupasha misuli joto kwa mateke mepesi.