Mwenye Kisukari Aendapo Chuo Kikuu

Mimi ni mmoja wa waliopatwa na kisukari tangu utotoni, ile aina ambayo mwili hauwezi kutengeneza insulini. Kabla ya Januari 1922, alipodungwa kijana Leonard Thompson huko Toronto, mtoto mwenye maradhi haya hakuishi sana. Leo aweza kusoma hata chuo kikuu, kwa sharti kwamba dawa isikatike.

Hapa shuleni dawa yangu hukaa katika friji ya matroni, na kengele ya chakula hunikumbusha sindano. Natumaini kusoma Chuo Kikuu cha Moi, karibu na Eldoret, mbali sana na kwetu Voi. Huko hakuna matroni. Basi yafaa mambo haya yatengenezwe kabla ya safari.

Kwanza ni barua. Daktari aandike aina ya insulini, vipimo vya kila sindano na matokeo ya damu ya karibuni. Ipelekwe kwenye zahanati ya chuo juma la kwanza. Hapo uulize kliniki ya kisukari ya watu wazima iko wapi, maana ile ya watoto umekwisha kuiaga.

Pili ni akiba. Dawa, sindano na vijiti vya kupimia vya mwezi mzima visafiri katika mfuko wa mkononi, si katika buti ya basi yenye joto. Insulini isiyofunguliwa hutaka baridi ya digrii 2 hadi 8, wala isigande. Iliyofunguliwa huweza kukaa nje majuma 4 hivi, mbali na jua.

Tatu, na ndilo gumu, ni kumwambia mwenzako wa chumbani. Sukari ikishuka chini ya 4, mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho na kusema ovyo. Asiyejua atadhani amelewa. Kama aweza kumeza, apewe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akizimia, asitiwe kitu kinywani, bali apelekwe hospitali upesi.

Wengi wetu twaficha kwa kuogopa kuonewa huruma, lakini mficha maradhi kilio humuumbua. Mama huniuliza, "Usiku nani atakuamsha, mwanangu?" Sina budi kumpatia jina la mtu kabla sijapanda basi.